Mji Unaohama

Nyamisati mtu hakuulizi ni saa ngapi. Anakuuliza maji yamefika wapi. Gati liko ndani ya mto, katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji, na chombo kinachovuka kwenda Mafia hutii kujaa na kupwa kwanza, ratiba baadaye. Kwa hiyo abiria husubiri. Hukaa juu ya magunia ya vitunguu na mchele, kando ya mabati, trei za mayai na magodoro yaliyofungwa kwa kamba, kwa sababu kisiwa kinachopeleka nazi na samaki Dar es Salaam hakijitoshelezi kwa mengi mengine. Kivuko cha serikali kinaitwa MV Kilindoni, jina la mji kinakokwenda. Msomaji alishike jina hilo, tutalirudia.

Nje ya mlango wa mto maji huacha rangi ya udongo yakaingia ukijani. Mkondo una upana wa kama kilomita 20 mahali palipo pembamba, na upepo wa kusi ukiwa umekaza, hizo 20 si ndogo hata kidogo. Kisha mstari wa minazi huinuka upande wa mawio, mrefu, umenyooka, bila kilima cha kumsaidia nahodha. Kisiwa kikubwa kina urefu wa kama kilomita 50 na upana wa 15 hivi. Ubavuni mwake, upande wa kusini-mashariki, vimejibanza Chole, Juani na Jibondo. Magharibi kuna Bwejuu, na vipo vingine ambavyo wavuvi pekee ndio huweka dago huko kwa msimu. Vyote hivyo ni wilaya moja ya Mkoa wa Pwani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 46,438, na ile ya 2022 ikapita 66,000. Zipo kata za pembezoni mwa Dar es Salaam zenye watu wengi kuliko hao.

Jina lenyewe limewachekesha wageni kiasi cha kutosha, kwa hiyo tulimalize upesi. Halihusiani na majambazi wa Sicilia. Wareno waliliandika Monfia kwenye ramani zao. Wako wanaolitafutia asili katika Kiarabu, na wako wazee wanaokuambia kwa uso mkavu kwamba ni "mahali pa afya" lililokatwa katikati. Mimi sioni sababu ya kuwapinga, ila naona maelezo hayo yanafaa zaidi kwa kibao cha hoteli kuliko kwa historia.

Kinachonivuta Mafia ni jambo jingine. Katika muda wa karibu miaka elfu, wilaya hii ndogo imehamisha mji wake mkuu mara tatu, na kila mara mji wa zamani uliachwa uoze pale pale, bila kujengewa juu. Lamu wamejenga juu ya Lamu, Unguja juu ya Unguja. Mafia walitupa mji wakaenda kuanza mwingine. Kisimani, Kua, Chole, Kilindoni: anayejua miji hiyo minne ilivyopokezana anajua nani alikuwa na nguvu, na alikuja na chombo cha aina gani.

Kisimani uko kwenye rasi ya magharibi, ukitazama delta. Jina linajieleza: palikuwa na kisima, na jahazi haliendi mbali bila maji ya kunywa. Si kwamba visiwa hivi vilikuwa vitupu kabla yake. Uchimbaji wa Profesa Felix Chami huko Juani umeonyesha watu walikaa humo karne nyingi nyuma. Lakini Kisimani ndio mji wa kwanza tunaoweza kuuita mji. Historia ya Kilwa inasimulia kwamba sultani wa kwanza, Ali bin al-Hasan, alimtuma mwanawe akatawale Mafia, na mwanaakiolojia Neville Chittick, alipochimba hapo miaka ya 1960, alikuta mambo yanayokubaliana na uhusiano huo. Sarafu za shaba za Kilwa zimeokotwa mchangani. Mafia ilikuwa kituo njiani, kati ya dhahabu iliyotoka Sofala na masoko ya kaskazini, na mkubwa wake aliishi Kilwa.

Leo Kisimani anayeutawala ni bahari. Imemega ufuo mwaka hadi mwaka, kuta zimeangukia mchangani na nyingine majini. Ukienda maji yakiwa yamekupwa utaona mawe yenye chokaa yaliyokaa kwa mpango ambao si wa mawimbi, na vigae. Hakuna kibanda cha tiketi wala uzio.

Kua ni habari nyingine kabisa. Uko Juani, ng'ambo ya ghuba, na magofu yake yangali yamesimama: jumba la ghorofa, misikiti kadhaa, makaburi, mibuyu iliyopasua sakafu za watu waliojiona wa kudumu. Ulistawi hasa katika karne ya 18. Ndani ya kibla cha msikiti mmoja, na kwenye baadhi ya makaburi, mtu hukuta chupa za marashi na vyungu vidogo. Wenyeji huja kuomba na kuweka nadhiri. Serikali inauita mji huu magofu, na wale wenye haja zao bado wanauendea kama mji.

Kuhusu miji hii miwili ipo hadithi ambayo mtoto wa Mafia huisikia mapema. Watu wa Kisimani waliunda jahazi kubwa, wakawaalika jirani zao wa Kua kwenye karamu ya kulishua. Wageni walipofika na watoto wao, wenyeji waliwakamata watoto, wakawalaza mchangani wamefungwa, na jahazi likavutwa kwenda majini juu ya miili yao. Watu wa Kua walirudi kwao hawakusema neno. Walingoja. Miaka ilipita, uhusiano ukarudi kama uliosahauliwa, ndipo wakapeleka mwaliko: harusi. Chumba cha karamu kilikuwa chini ya ardhi. Wageni wa Kisimani wakaketi, wakala, ngoma zikalia, na wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, huyu kafuata maji, huyu kafuata udi, hadi akabaki mzee mmoja wa kuwachangamsha. Kisha mlango ukazibwa kwa mawe na chokaa, mzee yule yumo ndani.

Kadhi Amur Omar Saadi aliandika mapokeo ya Mafia, na maandishi yake yakachapishwa kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1941 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mwenye kupenda tarehe atalalamika kwamba Kisimani ulikuwa na ubora wake karne kadhaa kabla ya Kua kung'aa, na ni vigumu miji hiyo kualikana karamu ikiwa na nguvu sawa. Ni kweli. Lakini hadithi imehifadhi jambo ambalo sarafu haziwezi kulisema: kwamba mji uliopotea lazima uwe na kosa lililoupoteza, na kwamba siku ya kushua chombo ni siku ambayo jirani huwa karibu kuliko siku nyingine zote.

Kua nao ulipata siku yake. Katika miaka ya 1820 Wasakalava walivuka kutoka Madagaska kwa mitumbwi mikubwa, kama walivyokuwa wakifanya Komoro, wakaupora mji na kuchukua watu kwenda kuwauza. Waliookoka hawakurudi kujenga. Mtu aliyeona mji wake ukichomwa kutokea upande wa bahari kuu, haulizwi kwa nini alihamia upande wa ndani wa ghuba.

Ndipo ikaja Chole. Kisiwa hiki unaweza kukizunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali. Kiko katikati ya ghuba iliyofunikwa na Juani, kwa hiyo mawimbi makubwa hayakifikii, na bamvua likitoka watu huvuka kwa miguu kwenda Juani wakibeba viatu mkononi. Wabusaidi, masultani wa Unguja, waliweka liwali wao hapa, na kisiwa kikubwa ng'ambo wakakiita Chole Shamba. Jina hilo ni la kikatili kwa usahihi wake: Chole ndio mji, na Mafia nzima iliyobaki ni shamba la Chole. Lilikuwa shamba la minazi, na waliopanda na kuangua minazi hiyo walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara, wengi kupitia Kilwa.

Sasa tufike 1890, kwa maana ndipo Mafia ilipotenganishwa na Unguja na haikurudi tena. Miaka minne kabla, mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilipogawana eneo hili, zilikubaliana kwa maandishi kwamba Mafia, pamoja na Unguja, Pemba na Lamu, ni mali ya Sultani. Tarehe 1 Julai 1890 zikakubaliana vingine. Uingereza iliipa Ujerumani kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, Ujerumani ikaiachia Uingereza Unguja na Pemba, na katika kifungu kimoja Uingereza ikaahidi kutumia ushawishi wake ili Sultani awaachie Wajerumani pwani ya bara "pamoja na kisiwa cha Mafia". Maneno hayo yametiwa mwishoni mwa sentensi, kama mwenye duka anayemtilia mteja pilipili ya bure. Sultani Ali bin Said alilipwa marki milioni 4 kwa pwani yote na kisiwa. Hakuna mtu wa Chole aliyeulizwa.

Watu husema historia ya mikataba ni historia ya makaratasi. Tutazame karatasi hii ilifanya nini kwenye mwili wa binadamu. Unguja, chini ya ulinzi wa Waingereza, hadhi ya utumwa iliondolewa kisheria mwaka 1897. Mafia haikuwa tena Unguja. Wajerumani hawakuupiga marufuku utumwa. Waliruhusu mtu ajinunue na kupewa cheti cha uhuru, kisha wakaamuru kwamba mtoto atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 azaliwe huru. Mama yake akabaki alivyokuwa. Sheria iliyoufuta utumwa wenyewe ilikuja chini ya Waingereza mwaka 1922. Watu wawili walioshushwa Kilwa siku moja, mmoja akauzwa Unguja na mwenzake Chole, walitenganishwa na miaka 25 ya utumwa, na kilichowatenganisha ni kifungu kile.

Mwaustria Oscar Baumann alifika Mafia katikati ya miaka ya 1890 na kuchapisha kitabu kizima juu yake mwaka 1896. Alichokikuta ni kisiwa cha mashamba ya minazi na wafanyakazi wasio huru. Wajerumani walijenga boma Chole, wakajenga na jela. Majengo hayo yangalipo kwa namna yake: mizizi ya miti imezikumbatia kuta hadi huwezi kujua kipi kinashikilia kipi. Popo wakubwa wenye sura ya mbweha, ambao jamaa zao wa karibu wako Komoro na Shelisheli, hulala mchana wakining'inia kwenye miti mikubwa kisiwani, na jioni huvuka kwenda kisiwa kikubwa kula maembe ya watu.

Kilichoiua Chole ni kina cha maji. Ghuba ile tulivu iliyowafaa majahazi haikuzifaa meli za moshi. Miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walihamishia makao yao upande wa magharibi, mahali penye kilindi. Kwa hiyo Kilindoni: pale penye maji ya kina. Kwa wakazi wa Chole haikuhitaji vita wala mafuriko. Karani alifunga madaftari yake, ofisi ikahama, wafanyabiashara wa Kihindi wakafuata ofisi, na nyumba za mawe zikabaki na popo. Ucheshi wa mambo ni kwamba kilindi hicho kilikuwa kilindi cha nanga tu. Meli ilitia nanga mbali, na kwa miongo mingi abiria wa Kilindoni walishukia majini, suruali imekunjwa, kanga imeinuliwa na mtoto begani, mpaka gati refu lilipojengwa katika miaka yetu hii.

Wajerumani hawakukaa sana kwenye mji wao mpya. Septemba 1914 manowari yao Königsberg ilivamia bandari ya Unguja, ikaizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, halafu ikaenda kujificha katika delta ya Rufiji, mkabala na Mafia. Watu wa pwani waliiita Manowari na Bomba Tatu, kwa dohani zake. Waingereza hawakuweza kuifuata mtoni kwa meli zao nzito, wala kuiona kutoka baharini kwa ajili ya mikoko. Basi wakamkodi huko Durban rubani wa kiraia, Dennis Cutler, na Novemba akawa anaruka kutoka kisiwa kidogo cha Nyororo, akaiona. Mwezi uliofuata injini ilimgeuka akaangukia mikononi mwa Wajerumani.

Januari 1915 Waingereza waliitwaa Mafia yenyewe: walihitaji kituo karibu na delta, penye ardhi kavu ya kurushia ndege. Wakasafisha uwanja wakaleta ndege za mbao na turubai, ambazo joto na unyevu viliziharibu haraka kuliko risasi. Kutoka Malta zikavutwa meli mbili bapa, Severn na Mersey, zilizoundwa kwa ajili ya mito. Shambulio la tarehe 6 Julai halikufaulu. Tarehe 11 ndege zilizotoka Mafia zilizunguka juu na kuwaelekeza wapiga mizinga kwa simu ya upepo, na siku hiyo hiyo Königsberg ikalala matopeni. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikakokotwa bara nzima na jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck. Mmoja unaonekana leo Fort Jesus, Mombasa.

Wakati huo huo Kilindoni kulikuwa na kituko kidogo cha ofisini. Waingereza walikuta stempu za Kijerumani, wakazigonga mhuri wa G.R. Mafia juu yake wakazitumia. Zilikuwa chache sana. Wakusanyaji wa stempu wa Ulaya, ambao hawajui mkondo wala minazi, wanalijua jina la kisiwa hiki kwa vipande hivyo vya karatasi, na huvilipia fedha ambazo zingenunua jahazi.

Baada ya hapo ukoloni wa Mafia ukawa wa kawaida: kodi, mbata, mkuu wa wilaya, mbata tena. Mambo ya maana zaidi yalikuwa vijijini, ambako wakubwa wa bandari hawakuwa wakitazama. Mwanaanthropolojia Pat Caplan alianza kuishi na kuandika kaskazini mwa kisiwa mwaka 1965 na akarudi mara nyingi. Alieleza jamii ambayo mtu huingia katika ukoo kwa baba na kwa mama pia, kwa hiyo ana haki ya kulima katika koo zaidi ya moja, na ambamo mnazi una mwenyewe asiyelazimika kuwa mwenye ardhi uliposimama. Mwanamke anaweza kuwa na minazi yake 40 ndani ya shamba linaloitwa la mwingine, akalala akijua kila dafu ni lake. Mgeni wa kupima viwanja huumwa kichwa. Wenyeji hawajawahi kupotea.

Na je, Mafia ina mji wa tano? Naona inao, ingawa hakuna aliyeutangaza. Ni Utende, upande wa Ghuba ya Chole, ilipo ofisi ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Hifadhi hiyo ilianzishwa 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, kilomita za mraba 822 za matumbawe, mikoko, nyasi za bahari na vijiji. Mwanzoni wavuvi wengi waliiunga mkono, na walikuwa na sababu: wapigaji baruti kutoka nje walikuwa wanayavunja matumbawe vipande vipande, na serikali ilikuwa mbali. Baadaye sheria zikawageukia wao. Maeneo yakafungwa, juya likakatazwa, leseni zikaja. Mwanaanthropolojia Christine Walley, aliyekaa Chole miaka ya 1990, ameandika jinsi mikutano ya hifadhi ilivyokuwa: wataalamu wa kigeni, maofisa wa taifa na wanakijiji wanatumia neno moja, "ushirikishwaji", kila mmoja akilipa maana yake. Jibondo walikuwa wagumu kuliko wote. Sishangai. Jibondo ni jiwe lisilo na kisima cha kutosha. Maji ya kunywa kwa miaka mingi yaliletwa kwa chombo, udongo wa kulima hakuna, na mtu ukimwekea mpaka baharini umemwekea mpaka shambani na jikoni kwa pamoja.

Upande wa pili, mbele ya Kilindoni, kuanzia Oktoba hadi Machi wageni hulipa ili kuogelea karibu na potwe, papa mkubwa kuliko samaki wote, mwenye madoa kama kanga, ambaye hali mtu. Hunywa bahari na kuchuja vijidudu na dagaa. Wavuvi wamemjua siku zote kama mwenzao wa kazi: palipo na potwe, tupa wavu. Watafiti waliowafunga potwe vifaa vya kufuatilia walitarajia kuwaona wakienda mbali msimu ukiisha, kama wanavyofanya potwe wa kwingine. Wengi hawakwenda. Walisogea tu kwenye maji ya kina wakakaa. Kumbe mjini kwao wakazi wasiohama ni hao.

Chole nako hakujafa. Chini ya miembe bado mafundi huunda majahazi na mashua bila mchoro: mkuku hulazwa kwanza, mataruma husimamishwa, mbao hufuata, kisha kalafati, pamba iliyochovywa mafuta ikigongwa kwenye kila ufa hadi sauti ya nyundo ibadilike. Kazi huchukua miezi, na fedha za mwenye chombo zikikatika huchukua miaka. Siku ya kushua ikifika hutafutwa maji ya bamvua, habari hupelekwa ng'ambo, na watu huja kutoka Juani, kutoka Utende, wengine wakiwa wamevuka kwa miguu. Magogo hutandazwa mchangani hadi ukingo wa maji. Kamba hufungwa, mmoja huanzisha wimbo, wengine huitikia na kuvuta. Watoto nao wamo: wengine wameshika ncha ya kamba, wengine wanakimbia pembeni wakiokota magogo yaliyoachwa nyuma na kuyapeleka mbele, na kila chombo kinaposogea wazee huwapigia kelele watoke njiani.